Saa za Usukani na Mahali pa Kulala: Somo kuhusu Muda wa Kazi na Mapumziko ya Madereva wa Malori



Wilaya yetu imepitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na hakuna mkazi wake asiyeujua mngurumo wa lori lenye tela linapobadili gia usiku wa manane. Malori hayo hupeleka mafuta, mbolea na mitambo Zambia na Kongo, na hurudi bandarini yakiwa na shaba. Wengi wetu tunaishi kwayo: mama lishe, fundi wa matairi, mwenye nyumba ya kulala wageni, na Halmashauri yenyewe kwa ushuru wa maegesho. Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo huzungumzwa kidogo mpaka siku ya ajali. Dereva wa lori anaruhusiwa kufanya kazi kwa muda gani, anastahili kupumzika kwa muda gani, na akitaka kupumzika, apumzike wapi?

Maswali mawili ya kwanza yana majibu katika sheria. La tatu ni letu sisi tuishio kando ya barabara, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Sheria isemavyo

Madereva wengi wa malori ni waajiriwa, na hivyo wanalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya madereva peke yao. Inamhusu karani na mwashi vilevile. Huenda ndiyo sababu wenye malori wengi hudhani kwamba haiwagusi.

Kifungu cha 19 kinasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma, wala siku 6 katika juma. Kazi ya ziada hufanywa kwa makubaliano tu, isizidi saa 50 katika mzunguko wa majuma manne, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Hata hivyo, pakiwa na makubaliano au pasiwe, mtu hawezi kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja. Kifungu cha 23 kinampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 akishafanya kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo. Kifungu cha 24 kinampa saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, pamoja na saa 24 mfululizo kila juma. Mapumziko ya siku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na kwa masharti maalumu, kwa mfano pale saa za kazi zinapokatwa katikati na nafasi isiyopungua saa 3. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa yake huongezewa malipo yasiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Tunaomba msomaji aangalie maneno mawili yaliyomo katika kifungu cha 19. Mwajiri hakukatazwa kumtaka mfanyakazi avuke saa 12 tu. Amekatazwa pia kumruhusu. Mwenye lori anaposema, "Mimi sikumlazimisha, dereva mwenyewe alitaka kuwahi," hajajitetea. Amekiri kwamba alimruhusu.

Sheria hii ina mipaka yake. Kazi ya dharura imewekwa kando na baadhi ya vifungu hivyo, ingawa mwandishi wa somo hili haoni kuwa haraka ya mteja anayesubiri saruji yake ni dharura. Tena dereva anayeendesha lori lake mwenyewe si mwajiriwa wa mtu, na sheria ya ajira haimfikii. Kwake yeye saa ya mwili ndiyo sheria.

Nchi nyingine zimetunga kanuni za usukani wenyewe. Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya barabarani inakataza kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya saa 8 katika kipindi cha saa 24. Mkataba Na. 153 wa mwaka 1979 wa Shirika la Kazi Duniani unaweka kipimo cha saa 4 za kuendesha bila kusimama, saa 9 za kuendesha kwa siku, saa 48 kwa juma, na mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Mkataba huo huzifunga nchi zilizouridhia. Hapa tunautumia kama rula ya kupimia. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni inayotumika tangu mwaka 2007 inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na alale nje ya kazi kwa saa 11 kila siku, ikiruhusu punguzo kwa siku chache. Huko kila lori kubwa lina kifaa kiitwacho takografu, ambacho huandika chenyewe ni lini gari lilikwenda na ni lini lilisimama.

Kanuni hiyo ya Ulaya ina tafsiri moja inayofaa kukaririwa. Mapumziko, kwa mujibu wake, ni muda ambao dereva hafanyi kazi yoyote na anao kwa ajili ya kurudisha nguvu tu. Kukaa kwenye foleni ya mizani, mkono ukiwa kwenye usukani, ukisogea hatua kumi kila baada ya dakika tano, si mapumziko.

Usingizi hauombi ruhusa

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani. Saa hiyo hulegea mara mbili: kwanza kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, kisha, kwa kiasi kidogo, katikati ya alasiri. Dereva anayeamua kutembea usiku ili akwepe jua na msongamano huwa anashindana na mwili wake wakati ule ule ambao mwili una nguvu zaidi ya kumshinda.

Uchovu hauji kama homa, ambayo mtu huisikia ikipanda. Huja kwa usingizi mfupi mno wa sekunde chache, macho yakiwa pengine wazi, na mara nyingi aliyelala hajui kwamba alilala. Hebu tufanye hesabu. Mwendo wa juu kabisa wa lori kubwa nje ya makazi ni kilometa 80 kwa saa, ambazo ni mita 22 kwa kila sekunde. Sekunde 4 za usingizi ni takribani mita 89, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Gari lenye mihimili 7 huruhusiwa kuwa na uzito wa hadi tani 56 katika Afrika Mashariki. Fikiri tani 56 zikipita mita 89 bila mtu usukanini, mbele ya shule ambayo watoto wake huvuka barabara.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 40. Waliwakesha, kisha siku nyingine wakawanywesha pombe, na mara zote wakapima wepesi wa mikono na macho yao. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 alikuwa amepungukiwa sawa na mtu mwenye nusu gramu ya kileo katika kila lita ya damu. Baada ya saa 24, upungufu ulikuwa sawa na gramu moja. Askari wa usalama barabarani ana kifaa cha kupima pumzi ya mlevi. Cha kupima saa za kukesha hana.

Kahawa husaidia, lakini huchukua takribani nusu saa kufanya kazi, na haiongezi usingizi uliopotea; inauahirisha. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vivyo hivyo. Mirungi ni kosa la jinai nchini mwetu, na dereva aliyeitafuna huanguka ghafla nguvu yake ikimwishia. Kufungua dirisha, kupandisha sauti ya redio au kuongea na utingo ni njia ambazo kila dereva huzitaja, na zote humsaidia kwa dakika chache. Dawa ya usingizi ni kulala. Dakika 15 hadi 20 za kulala kando ya barabara mahali salama humfikisha dereva kituo kinachofuata, ilimradi ajipe dakika chache za kuamka vizuri kabla ya kuwasha gari. Hazimfikishi Tunduma.

Siku moja ya dereva

Chukua mfano wa dereva aliyeamka saa 11 alfajiri jijini Dar es Salaam. Saa 12 asubuhi yuko kwenye foleni ya kupakia. Nyaraka, kupakia, kufunga turubai na kukagua matairi vinamfikisha saa 8 mchana, na hapo ndipo lori linapotoka. Anaendesha hadi saa 12 jioni, anakula kwa nusu saa, kisha anaendelea hadi saa 4 usiku.

Ukimuuliza ameendesha saa ngapi, atakujibu kwa haki kabisa kwamba ni saa 7 na nusu. Kwa kipimo cha Kenya bado ana nusu saa. Kwa kipimo cha Mkataba Na. 153 bado ana saa 1 na nusu. Angekuwa na takografu, kifaa kingeonyesha kwamba hajavuka kikomo cha usukani cha siku.

Sasa hesabu upya, ukianzia pale alipoamka. Saa 4 usiku dereva huyu yuko macho kwa saa 17, yaani amefika pale pa nusu gramu ya kileo. Hesabu tena kwa sheria yetu ya ajira: alianza kazi saa 12 asubuhi, na saa 12 jioni, alipokuwa akinawa mikono ale, saa zake 12 zilikuwa zimekwisha. Kila kilometa aliyoendesha baada ya chakula kile iko nje ya sheria, na kama anaheshimu mapumziko ya saa 12, hatakiwi kuwasha gari hadi saa 4 asubuhi ya kesho yake.

Kwa hiyo sheria ya ajira ya Tanzania, ambayo haitaji neno lori, katika mfano huu inamlinda dereva kuliko kanuni zinazohesabu mzunguko wa magurudumu peke yake. Inaihesabu foleni. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumesikia mara nyingi watu wakisema kwamba nchi yetu haina kikomo kwa dereva wa mizigo.

Lakini yuko wapi dereva wetu saa hiyo ya 4 usiku? Lori lenye shehena, likipita mizani ya Vigwaza na vijiji vyenye matuta, kwa wastani wa kilometa 40 kwa saa litakuwa limekwenda kilometa 300. Hapo ni katika maeneo ya Mikumi, ambako barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa kwa takribani kilometa 50. Hawezi kusimama kati ya tembo akalala. Alipaswa kuamua mapema, Morogoro au kabla ya kuingia hifadhini, wakati bado akili yake ilikuwa nzima. Uamuzi wa kulala hufanywa vizuri na mtu ambaye bado hana usingizi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Ukigawa kwa saa 9 za usukani kwa siku na wastani huo huo wa kilometa 40, unapata siku mbili na nusu, pasipo kuhesabu siku ya kupakia wala foleni ya mpakani. Mwenye lori anayempa dereva siku mbili amemwandikia usiku mmoja wa kukesha, hata kama hajautaja.

Hapa hatuna budi kugusa malipo. Dereva anayelipwa kwa tripu, au anayepewa posho ya safari iliyopigwa kwa siku chache, hupoteza fedha kila anapolala. Kanuni ya Ulaya tuliyoitaja inakataza kumlipa dereva kwa umbali au kwa wepesi wa kufikisha mzigo, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Ni kifungu ambacho wenye malori waliomo wilayani wangeweza kukiiga hata kesho katika mikataba yao, bila kungoja sheria mpya.

Mahali pa kulala

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa somo hili alisafiri kwa lori kutoka nyanda za juu akirudi nyumbani. Tuliingia katika eneo la maegesho la halmashauri moja, ambayo hatutaitaja, saa 2 usiku. Dereva, mtu mzima wa miaka ipatayo hamsini, alilipa ushuru, akala, akalala. Saa 7 usiku mlango wa kabini uligongwa kwa tochi.

"Mzee, risiti."

"Kijana wangu, nimekwisha kulipa kwa mwenzako saa 2."

"Ninaiomba niione."

Aliitafuta, akaionyesha, akarudi kulala. Saa 10 alfajiri zamu ilikuwa imebadilika, na mlango ukagongwa tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Vijana wale walikuwa wakifanya kazi waliyopewa, tena kwa adabu. Saa 11 tuliondoka, na mbele yetu ulikuwa mteremko wa Kitonga, ambao anayetoka Iringa hauteremka akiwa na gia nzito na mguu ulio tayari kwenye breki. Dereva alikuwa amelala vipande vitatu. Sheria inasema mapumziko yawe mfululizo, na waliokata mfululizo ule walikuwa watumishi wa umma.

Tangu siku ile mwandishi huamini kwamba ushuru wa maegesho ukusanywe getini, mara moja, wakati gari linaingia, na risiti ibandikwe kwenye kioo cha mbele ambako mkaguzi ataisoma bila kumwamsha mtu. Ni badiliko lisilohitaji bajeti.

Mengine yanahitaji. Dereva aliyelala mahali pasipo na mlinzi wala taa hulala jicho moja. Anaogopa wanyonyaji wa mafuta, wakata kamba za turubai, na wezi wa betri na matairi ya akiba. Asubuhi atasema alilala saa 7, kumbe alisikiliza kwa saa 7. Akikosa choo na maji ya kuoga, atasogea mbele akatafute penye navyo, hata kama macho yamekwisha. Na akikosa eneo kabisa, atasimama ukingoni mwa lami. Lori lililosimama gizani ukingoni mwa barabara bila pembetatu za tahadhari ni ukuta, na wanaougonga mara nyingi ni watu wetu wa bodaboda na baiskeli.

Eneo la maegesho, basi, ni huduma ya usalama barabarani kama ilivyo alama ya kivuko. Liwe tambarare, lenye mifereji, mbali na hifadhi ya barabara iliyo chini ya TANROADS, na pa kuingilia na kutokea pasiwe kwenye kona. Magari ya mafuta yatengwe na majiko ya mama lishe; hili halina mjadala. Kumbi za muziki ziwe upande wa pili. Watakaobisha kwamba biashara itapungua wakumbuke kwamba dereva aliyelala vizuri hununua chai asubuhi.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana. Pendekezo la mwananchi kuhusu eneo la kijijini kwake huanzia mkutano mkuu wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kufikishwa na diwani mbele ya Baraza. Pendekezo lenye mchoro wa eneo, idadi ya malori yanayolala hapo kwa usiku mmoja, na jina la kitongoji, husikilizwa kuliko malalamiko ya jumla. Kuhesabu malori kwa usiku saba mfululizo ni kazi ya vijana wawili na daftari.

Daftari la dereva

Tumalizie na daftari jingine. Maadamu malori mengi hayana kifaa cha kuandika saa, dereva aziandike mwenyewe. Daftari la shule linatosha, ukurasa mmoja kwa siku. Ukurasa wa dereva wetu wa mfano, kama angalifuata sheria, ungesomeka hivi:

Saa 11:00 alfajiri, kuamka.
Saa 12:00 asubuhi, foleni ya kupakia. Kazi imeanza.
Saa 5:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, mapumziko. Gari kwa utingo.
Saa 8:00 mchana, kuondoka.
Saa 12:00 jioni, maegesho. Kazi imekwisha.
Kuendesha: saa 4. Kuwa kazini, pamoja na saa ya mapumziko: saa 12. Kuanza tena: saa 12:00 asubuhi.

Utingo atie saini yake chini, kwa kuwa yeye ndiye shahidi, naye pia ana haki ya saa hizo hizo. Pale kwenye mapumziko dereva aandike kwa ukweli kama alikwenda kukaa kivulini au kama aliendelea kusogeza gari.

Dereva anayedaiwa kuvuka saa hizo, au ambaye hakulipwa kazi ya ziada na ya usiku, aanze kwa kumweleza mwajiri, ikiwezekana kwa maandishi, kisha amwone Afisa Kazi wa mkoa. Shauri linaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza Fomu Na. 1. Aliyeachishwa kazi kwa kukataa kuendesha akiwa amechoka anazo siku 30 tangu kuachishwa kufungua shauri hilo. Kwa madai mengine ya ajira ni siku 60. Fomu inauliza tarehe na kilichotokea, na dereva mwenye daftari atazinakili saa zake kutoka humo.